Fidla ya Tatu Inachelewa: Kisa cha Klabu ya Kompyuta Tabora

Kipindi cha kwanza kiliniishia vibaya. Niliingia Kidato cha Pili na spika niliyoazima kwa mwalimu mwenzangu, nikawawekea wanafunzi sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba ya Beethoven. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kuwaeleza kwamba ilipopigwa Vienna kwa mara ya kwanza, Desemba 1813, watu waliomba sehemu hiyo hiyo irudiwe palepale ukumbini. Sikufika huko. Dakika ya pili haijaisha, mvulana wa nyuma alinyoosha mkono, akasimama kwa adabu, akauliza: “Samahani mwalimu, kuna kiongozi amefariki?”

Darasa halikucheka. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja jibu. Hapo nikaelewa. Machi 2021, Rais Magufuli alipofariki, watoto hawa walikuwa shule ya msingi, na kwa siku nyingi za maombolezo redio za nyumbani na madukani zilipiga muziki mzito, wa taratibu. Masikioni mwao fidla nyingi zikilia pamoja ni tangazo la msiba. Hawakuwa wamekosa utulivu wala akili. Walikuwa wanausikia muziki ule kwa maana waliyofundishwa na maisha yao, na mimi nilikuwa nimekuja na maana nyingine mfukoni bila kuwaonyesha njia ya kuifikia.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiri, kama nilivyofikiri, kwamba ukiweka kompyuta mbele ya mtoto basi chochote utakachokipitisha humo kitapendwa. Nimejifunza kwamba haiendi hivyo, na ninataka kueleza ni kitu gani hasa kilibadilisha mambo.

Tulichokuwa nacho

Mimi ni mwalimu wa Hisabati na Kompyuta katika sekondari moja hapa Tabora mjini. Jumapili naimba besi kwenye kwaya. Muziki nimeusomea kwenye solfa, zile do, re, mi, zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, kama wanakwaya wengi wa nchi hii, na ni kwaya iliyonifundisha kusikiliza sauti nne kwa wakati mmoja bila kupoteza yangu. Uwezo huo ndio niliotaka wanafunzi waupate. Sikuanza kwa kuamini kwamba muziki wa Ulaya ni bora kuliko wa kwetu. Mji huu una historia yake ya muziki, ni mji wa Tabora Jazz na Kiko Kids, na kabla ya hapo wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima hadi pwani. Lakini muziki ule wa Ulaya umeandikwa nota kwa nota, kila sauti na mstari wake, na kitu kilichoandikwa hivyo kinaweza kufunguliwa na kuchunguzwa kama mashine.

Chumba chetu cha kompyuta kina mashine tisa zinazowaka. Intaneti haipo. Umeme ukikatika tunangoja chini ya mwembe. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo yale mapendekezo ya kwamba kila mwanafunzi apakue programu fulani kwenye simu yake hayana nafasi kwetu. Nilileta kwenye flashi Scratch, programu ya kuwafundishia watoto kuandika programu, lile toleo linalofanya kazi bila mtandao, nikaliweka mashine zote tisa. Lugha ya Kiswahili imo ndani yake, na hilo liliwasaidia wale ambao Kiingereza cha kwenye kompyuta kinawatisha. Klabu ilikuwa Jumanne na Ijumaa baada ya vipindi, wanafunzi 30 na zaidi kidogo siku ikiwa nzuri.

Mradi ulioonekana kufaulu

Baada ya aibu ya siku ile, nilitoa kazi huru. Niliwapa faili fupi la sauti, mwanzo wa Simfoni ya Tano ya Beethoven, zile nota nne ambazo hata asiyejua lolote ameshazisikia mahali. Nikasema: tengenezeni kitu chochote kwenye Scratch, ila muziki huu uwemo.

Chumba kilichangamka ajabu. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na paka anayepigana karate, treni inayoingia stesheni ya Tabora, mchezo wa kukwepa mawe, na embe linaloanguka kila nota ya nne inapolia. Mkuu wa shule alipita, akasimama mlangoni, akafurahi. Walimu wawili wakaniambia sasa nimewapata.

Siku ya kuonyeshana kazi, nilizima mashine zote na kuwaomba jambo dogo: nani anaweza kuuimba ule muziki, hata kwa mluzi? Waliimba zile nota nne. Za tano na kuendelea, hakuna. Kundi la treni walikuwa wamelisikia faili lile mara mia kwa muda wa wiki mbili, wakalikatisha, wakalipunguza sauti ili honi yao isikike vizuri. Mmoja aliniambia kwa ukweli kabisa kwamba walikuwa wanaweka muziki mwishoni, baada ya kila kitu kukamilika, kwa sababu “mwalimu ulisema uwemo”.

Kosa lilikuwa la kwangu, na nadhani ndilo linalowapata wengi. Nilikuwa nimetoa kazi inayoweza kukamilika vizuri sana na mtu ambaye hajasikiliza. Muziki ulikuwa rangi ya ukutani. Ungeuondoa, ukaweka bongo fleva, mradi usingetikisika. Furaha ya chumba ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa furaha ya paka na treni, na mimi niliihesabia Beethoven.

Kwa hiyo nilijiuliza swali moja tu kabla ya mradi wa pili: ni kazi gani ya kompyuta ambayo itagoma kukamilika mpaka mtoto asikilize?

Kanuni

Nilichagua Kanoni ya Johann Pachelbel, mpiga kinanda wa Nuremberg aliyezaliwa 1653 na kufariki 1706. Ni kazi ya fidla tatu na besi. Ilikaa karne nyingi bila kujulikana, ikachapishwa 1919, na ikaja kuenea duniani baada ya kurekodiwa Ufaransa mwaka 1968. Leo inapigwa kwenye harusi mpaka watu wanachoka nayo. Lakini siyo umaarufu ulionivuta. Umbo lake ndilo nililolihitaji.

Besi ina nota nane tu, na inazirudia mara 28 bila kubadilisha hata moja. Juu yake fidla ya kwanza inaingia. Besi ikimaliza mzunguko mmoja, fidla ya pili inaingia ikipiga yaleyale ambayo ya kwanza imetoka kuyapiga. Mzunguko mwingine, ya tatu. Tangu hapo fidla tatu zinafuatana kwa hatua ileile, kila moja ikisema maneno ya mwenzake aliyetangulia, na bado hazigongani.

Nilipoandika neno “kanoni” ubaoni, mwanafunzi mmoja aliuliza kama nimekosea herufi, kwamba nilitaka kuandika “kanuni”. Nikamwambia hajakosea sana. Wagiriki walisema kanon, Waarabu wakalichukua likawa qanun, nasi tukapata kanuni, na ile ala ya nyuzi ya taarabu, ganuni, imo katika ukoo huohuo. Akasema: “Basi ni kanuni tu. Mmoja anaanza, wengine wanamfuata baada ya nane.” Sijawahi kusikia maelezo mafupi ya kanoni kuliko hayo, na mtu anayeandika programu alikuwa tayari ameshaona kilichomo: unaandika mstari mara moja, unauita mara tatu kwa kuchelewesha.

Sikuwapa faili la sauti. Niliwapa solfa. Besi inasema do so la mi fa do fa so. Fidla inaanza mi re do ti la so la ti. Niliziandika ubaoni kama zinavyoandikwa kwenye kwaya, nikawaambia kwamba Scratch haijui do wala re, inajua namba. Do yetu ni 62. Tafuteni nyingine.

Hapo ndipo chumba kilipogeuka, na sikukitarajia kilivyogeuka. Hadi siku ile, wenye klabu walikuwa wavulana watano hivi ambao nyumbani kwao kuna kompyuta. Wao ndio waliokalia viti, wengine wakasimama nyuma. Sasa walikuwa na namba mkononi na hawakujua kama zinalia sawa. Waliweka 62, 64, 66, 68, wakiongeza mbili mbili, kwa kuwa ndivyo akili ya hesabu inavyotarajia. Ikasikika mbovu, lakini hawakuweza kusema ubovu uko wapi.

Nyuma yao alisimama msichana mmoja mkimya, anayeimba alto kwenye kwaya ya vijana ya Moravian. Sikuwahi kumsikia akizungumza klabuni. Akasema, “Fa yenu imepanda sana.” Wakamtazama. Akaimba do re mi fa kwa sauti ndogo, akaonyesha kwa kiganja jinsi mi na fa zilivyobanana. Wakashusha 68 ikawa 67. Ikakaa. Akawaambia wangoje, ti na do nazo zimebanana vilevile. Wakajaribu: so 69, la 71, ti 73, do 74. Ndani ya nusu saa walikuwa wameandika ubaoni mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja, na mmoja wa wale wavulana alininong’oneza akitaka kujua nani aliamua iwe hivyo. Swali hilo lina majibu marefu, nami nililitengea Ijumaa nzima. Lakini angalia lilikotoka. Hakuna aliyewaambia waulize.

Kuanzia hapo kila mashine ilimtafuta mwanakwaya wake. Tulikuwa na wa Katoliki, wa Moravian, wa Anglikana, na mvulana mmoja aliyepiga dufu kwenye maulidi ambaye solfa hakuijua kabisa lakini mapigo alikuwa hayakosi. Watoto waliozoea kusimama nyuma waliletewa viti.

Fidla ya tatu

Raundi za mwanzo, yaani mizunguko ya kwanza ya besi, zilikwenda vizuri. Nota moja kwa kila pigo, mwendo wa 60, yaani pigo moja kwa sekunde. Scratch haina sauti ya fidla, kwa hiyo waliipa fidla ya kwanza piano, ya pili marimba, ya tatu filimbi, ili sikio liweze kuzitofautisha. Fidla ya pili ilipoingia na mi re do ti, ya kwanza ilikuwa imeshafika do ti la so, na zote mbili zikatembea sambamba. Msichana wa alto alitabasamu. “Ni soprano na alto,” alisema.

Kisha Pachelbel anaanza kuzigawanya nota. Mbili kwa pigo, halafu nne kwa pigo. Na hapo kila mashine ikaharibika.

Ubovu huu ulikuwa wa namna ya pekee. Hakuna namba iliyokosewa. Ukisikiliza fidla moja peke yake iko sawa. Ukiziweka pamoja, baada ya raundi kadhaa zinakuwa kama watu wanne wanaozungumza mara moja mlangoni. Wale wavulana walikagua namba zote upya, Jumanne mbili mfululizo. Nilijua tatizo ni nini, na namshukuru Mungu nilinyamaza.

Aliyelikamata ni yule wa dufu. Aliomba wazime kila kitu waache besi na fidla moja tu, ile yenye nota nyingi. Akapiga meza kwa kiganja kufuata besi. Raundi ya kwanza wakaenda pamoja. Ya pili, fidla ikawa nyuma kidogo. Ya tatu, nyuma zaidi. Akasema: “Mwenye maneno mengi anachelewa.”

Ni kweli kabisa, na sababu yake ni ya kihandisi. Scratch inazungukia kazi zake kama mara 30 kwa sekunde. Nota ikiisha katikati ya mzunguko, inayofuata inangoja mzunguko ujao ndipo ianze. Ucheleweshaji huo ni mdogo kiasi kwamba nota moja husikii chochote. Lakini katika raundi moja besi ina nota 8, na fidla yenye nota nne kwa pigo ina 32. Kila nota inabeba kichelewo chake. Walipima kwa saa ya mkononi wakapata karibu nusu sekunde kwa raundi moja tu, na kwenye ile kompyuta kongwe ya dirishani ilikuwa zaidi.

Nikawauliza: kwenye kwaya, alto wakichelewa inakuwaje? Walijibu kwa pamoja kwamba mwalimu anapiga mkono. Na kwenye ngoma? Kuna ngoma moja ambayo haibadiliki, wote wanarudi kwake. Basi nani kwenye Pachelbel habadiliki?

Sikulazimika kujibu. Waliandika upya programu yote ili besi iwe kiongozi. Kila besi inapomaliza nota zake nane, inatangaza ujumbe, na kila fidla ikisikia ujumbe inaanza mstari wake unaofuata palepale, hata kama haijamaliza uliotangulia. Nota ya mwisho inakatwa kidogo. Walibishana kuhusu hilo siku nzima, kama ni haki kuikata, na wakakubaliana kwamba kwaya pia hukata pumzi ili kuwahi. Kihesabio kimoja kinasema tuko raundi ya ngapi: fidla ya kwanza inapiga mstari wa raundi iliyopita, ya pili inarudi nyuma mmoja zaidi, ya tatu mmoja tena.

Walipobofya, ilikaa pamoja. Naamini hiki ndicho kiini cha kisa kizima. Wiki tatu hizo walisikiliza muziki wa miaka 300 iliyopita kwa umakini ambao sijauona hata kwenye kwaya yetu siku ya Pasaka, na walifanya hivyo kwa sababu kosa la programu lilikuwa kosa la muziki. Skrini haikuwaonyesha neno lolote jekundu. Chombo pekee cha kulitafuta kosa kilikuwa sikio.

Mzazi na mwalimu mwenzangu

Ijumaa moja baada ya swala alikuja baba wa mmoja wa wasichana, mzee wa Isevya, mtu mtulivu. Tulisalimiana, nikampa kiti. Alisema amesikia binti yake anafundishwa nyimbo za kanisani kwenye kompyuta, na alitaka kusikia kwangu kabla hajasema lolote.

Nilimweleza bila kuficha. Mtungaji alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Kazi hii haina maneno, wala haimsifu wala kumwomba yeyote, ni ala nne. Nikamwita binti aionyeshe. Alimweleza baba yake kihesabio cha raundi, kwa nini besi ndiye imamu na wengine wanamfuata. Neno hilo ni lake, mimi nisingethubutu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, “Kama ni kanuni na hesabu, mwalimu, sina neno. Ila Magharibi isimkute njiani.” Tangu siku ile klabu inafungwa saa kumi na moja na nusu. Ningepaswa kuwaandikia wazazi kabla ya kuanza. Mzee yule alinitendea wema ambao uzembe wangu haukuustahili.

Katika ofisi ya walimu kulikuwa na swali jingine: kwa nini nisitumie ngoma zetu? Swali ni la haki, na tulijaribu. Tuliingiza mapigo ya manyanga kwenye Scratch na yakatoka makavu, yamenyooka kama rula, kwa sababu uzuri wake unaishi katika vile vinukta vidogo vya kuwahi na kuchelewa ambavyo mashine ile inavigeuza kuwa sawasawa. Wazee wanaojua wangewafundisha vizuri zaidi kwa mikono na miguu. Nimeanza kumtafuta mmoja.

Yapo ambayo hayakufaulu. Mashine tisa kwa watoto zaidi ya 30 ni chache, na kuna wasichana wanne walioacha kuja kabla viti havijahama. Sijawarudisha.

Walipofika

Karibu raundi ya kumi Pachelbel anaweka nota fupi kiasi kwamba nane za aina yake zinaingia katika pigo moja. Mashine haziziwezi. Hata besi ikiongoza, fidla inakatwa katikati ya mstari, na kinachopotea kinasikika.

Kundi moja lilipendekeza kuacha nusu ya nota. Msichana wa alto alikataa katakata, akasema hapo siyo Pachelbel tena. Akataka mwendo upungue ili mashine ipate nafasi. Wakaushusha kutoka 60 hadi 40. Kila nota ikasikika. Yule mvulana aliyeniuliza siku ya kwanza kama kuna kiongozi amefariki alikuwa amekaa mbele safari hii, macho ameyafumba.

“Sasa ndiyo imekuwa ya msiba,” alisema. “Pandisha.”

Wakapandisha 44. Akatikisa kichwa. 48. Akasikiliza raundi mbili nzima, kidole juu ya meza kikihesabu besi. 52. Filimbi ilikatwa mara moja, kidogo sana, mwishoni mwa mstari, na msichana alifungua mdomo kupinga.

“Hapo,” akasema mvulana. “Rudisha mbili.”